Kamati Yatambua Urembo wa Ploti Iliyopinda

Wananchi wote wafahamu kwamba Kiuu, hapa Ruiru, sasa ni kitovu cha dikonstraktivizimu, yaani usanifu wa majengo yaliyopindapinda. Kamati ya Urembo wa Majengo ilipitisha jambo hilo kwa kauli moja, baada ya chai.

Mwenyekiti, Bwana Zacharia Mukonyo, alikuwa amefanya utafiti wa kina kwenye simu yake. Aligundua kwamba ng'ambo wasanifu mashuhuri hujenga makusudi kuta zilizolala, pembe zisizokutana, na majengo yanayoonekana yamevunjwa yakaunganishwa haraka haraka. Watalii hufunga safari kuyaona. Moyo wake ulijaa furaha, maana ploti yake, nyumba ya kupangisha ya orofa tano, ilikuwa vivyo hivyo, tena bila msanifu yeyote. X nyekundu, iliyochorwa na kaunti kuamuru nyumba ibomolewe, ikafutwa ukutani kwa heshima zote.

Wapangaji, kwa kukosa elimu, walilalamika.

"Mheshimiwa, ufa wa jikoni unaingia mkono," alisema Benta wa orofa ya tano. "Weka nguzo, ama utuhamishe. Hii nyumba itatuua!"

"Huo si ufa, mama. Ni mazungumzo kati ya kuta mbili."

"Basi ziambie zinyamaze, watoto walale."

Siku ya uzinduzi hema lilipigwa upande wa pili wa barabara, kwa sababu za itifaki. Mukonyo akashika maiki mbele ya mkurugenzi wa kaunti, Bi. Kamene.

"Jumba hili ni salama kama kanisa!" akanguruma. "Shida ni mwananchi wa kawaida haelewi sanaa. Linataka mtu wa macho!"

Bi. Kamene akapiga makofi mpaka bangili zikalia. "Umenigusa, mwenyekiti. Kwani wewe unaishi wapi?"

"Kamenu, Thika. Kuta zimenyooka tu, madam. Ni aibu."

"Woi, pole. Basi badilishana na huyu mama," akamwonyesha Benta, aliyeketi na wapangaji wenzake, "leo leo. Yeye aende Kamenu, wewe na familia mpande orofa ya tano."

Vigelegele vikapigwa. Mukonyo akatabasamu, akainua macho kuangalia orofa ya tano, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Huko juu? Ai, madam, mimi niko na watoto!"

Maiki ilikuwa bado mdomoni. Kiuu nzima ilisikia.

Benta akasimama. "Wangu wako huko juu saa hii."

Watu wakavuka barabara mbio kuwashusha, Bi. Kamene akiwa mbele, viatu mkononi. Mukonyo alibaki hemani, askari wawili wa kaunti wamemshika suruali kwa nyuma kama mwizi aliyekamatwa.