Siku ya Kumkatia Jemedari Bima

Leo nimeaibika, jamani. Tena siyo aibu ndogo ya kutoka nyumbani umevaa gauni nje ndani. Hii ni aibu yenye mashahidi, na wawili kati yao walikuja na fomu.

Nimejifungia chumbani, naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Bariadi mnaijua.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kulwa wa maturubai, viti na mapambo ya harusi. Wiki iliyopita nilinunua farasi. Ndiyo, FARASI! Kaja kwa lori kutoka Arusha, mweupe, mkia unagusa chini. Jina lake Jemedari. Nimechoka kuona kila bwana harusi anaingia na gari lile lile lenye maua yale yale ya plastiki. Nikasema mwaka huu bwana harusi wa Simiyu ataingia juu ya farasi, na wanaonisema watanisema huku wanapiga picha.

Mume wangu, Baba Kulwa, alimzunguka mara mbili.

"Anakamuliwa?"

"Hapana."

"Analima?"

"Hapana."

"Analiwa?"

Nikamziba Jemedari masikio.

"Basi huyu ni mgeni, siyo mfugo," akasema, akaenda zake kwenye pamba yake.

Kazi ya kwanza ni Jumamosi hii, Ngulyati. Baba wa bwana harusi alitoa sharti moja tu: farasi awe na bima. "Akimtupa mwanangu nani atanijibu? Bila karatasi, mwanangu ataingia kwa miguu yake aliyopewa na Mungu." Kwa hiyo bila bima hakuna farasi, na bila farasi mimi ndiye kichekesho cha wapambaji wote kuanzia hapa mpaka Lamadi. (Kuna mmoja ameshaanza kuniita Mama Punda. Namjua. Naye anajijua.)

Basi leo saa nne asubuhi wakafika mawakala wa kampuni mbili. Kaka Deo, mwenye tai. Na dada Rehema, binti wa Tanga, ana begi mgongoni na shikamoo tamu. Niliwaita kwa wakati mmoja makusudi. Mimi nimezaliwa Sapiwi, nimekulia zizini na mnadani. Mnadani husikilizi mtu mmoja. Unawaweka wawili wasikiane.

Nikawakalisha barazani, nikawapa soda, nikaanza.

"Dada Rehema, akipigwa na radi mnalipa?"

"Tunalipa, mama."

"Kaka Deo, umemsikia mwenzako? Radi imo."

Deo akakaa sawa. "Sisi radi ipo, na nyoka yupo."

"Rehema! Nyoka huyo!"

"Nyoka hata sisi tunaye, mama. Na mpandaji akianguka akaumia, tunamtibu."

"Deo! Wanatibu!"

Deo akalegeza tai. Jamani, nilikuwa na raha! Nilikuwa nimesimama, mkono kiunoni, nanadi kama dalali wa ng'ombe. Majirani walishaanza kuchungulia juu ya ua, na mimi ndiyo nikapandisha sauti.

Rehema akauliza, "Mama, huwa analala vipi?"

Nikacheka. "Mwanangu, farasi halali chini! Analala amesimama. Mimi ni mtoto wa wafugaji, tangu ameshuka kwenye lori sijamuona ameweka hata goti chini."

Rehema akaandika. Deo naye akaandika. (Muikumbuke hiyo.)

Ikabaki afisa mifugo aje ampime Jemedari ndipo tusaini. Akapiga simu, yuko njiani na pikipiki. Nikawaambia wageni wangu, "Ngojeni nikampige brashi, apendeze." Nikazunguka nyuma ya nyumba naimba.

Wimbo sikuumaliza.

Jemedari alikuwa chini. Amelala ubavu, miguu minne imenyooka, shingo imelala mavumbini, mdomo wazi kidogo, nzi wanaingia na kutoka. Kwetu ng'ombe akilala anakunja miguu, kichwa juu, anacheua. Ukimkuta amejinyoosha hivi, unaita watu na visu.

"Jemedari!"

Kimya.

"Jemedari, baba!"

Kimya.

Mwenye akili angeweka mkono puani asikie kama kuna pumzi. Mimi nilishika kichwa changu mwenyewe. Wazo la kwanza lilikuwa jema: maskini mnyama wa watu. La pili lilikuwa Jumamosi. La tatu, sijui lilitoka wapi, Mungu anisamehe: fomu bado haijasainiwa.

Nikajifuta uso kwa kanga. Nikarudi barazani natabasamu kwa meno yote.

"Dada Rehema! Nimechagua! Ni ninyi! Lete kalamu!"

Deo akashtuka. "Mama, sisi hatujamaliza kujieleza."

"Umeshindwa baba, pole, kunywa soda."

Rehema naye, "Lakini mama, afisa mifugo bado hajafika."

"Mwanangu, biashara ni kuaminiana! Nisaini wapi?"

Akafurahi mtoto wa watu, akafungua fomu. Jina langu, nikaandika. Kijiji, nikaandika. Swali la nne: je, mnyama yuko hai na ni mzima wa afya? Kalamu ikagoma. Nikaipiga mezani, nikaandika NDIYO kwa herufi kubwa, nikasaini.

Wino haujakauka, nikasikia kelele nyuma ya nyumba. Bibi Milembe, jirani yangu, alikuwa amepitia uani kufuata ungo wake.

"Mayu! Mayu wee! Farasi wa Mama Kulwa amekufaaa!"

Rehema akaniangalia. Deo akaiangalia fomu.

Sasa mimi nifanyeje? Ikabidi nishangae. Nikaruka kutoka kwenye kiti. "NINI? JEMEDARI?" Nikakimbia, nikafika, nikajitupa chini na kanga yangu mpya. Nikalia. Jamani, nililia! Nilianza kwa uongo, lakini nilipomshika yale manyoya meupe ya shingoni nikalia kweli. Nikamtaja mama yangu, nikamtaja Arusha, nikalitaja lile lori. Wanawake wakaja mbio, wengine wakanisaidia kulia bila kujua kafa nani. Mzee Masunga mwenye bucha akasogea taratibu, akavua kofia, akaniinamia.

"Pole sana, mama. Huyu... analiwa?"

Hapo pikipiki ikaingia. Afisa mifugo akashuka, akapenya katikati ya watu.

"Kuna msiba wa nani?"

Vidole kama thelathini vikamwonyesha Jemedari. Akachuchumaa, akaweka mkono puani, akasikiliza ubavu. Kisha akasimama, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, huyu amelala."

"Amelala usingizi wa milele!" nikalia.

"Amelala usingizi. Farasi akiwa ugenini hulala wima kwa sababu ana wasiwasi. Akishaona yuko nyumbani, ndiyo anajinyoosha hivi. Amekuzoea. Amekuamini, mama."

Akachukua ndoo ya pumba, akaitikisa. Sikio moja likasimama, la pili likafuata. Jemedari akainuka mzima mzima, akajikung'uta mavumbi yote yakatumwagikia sisi wafiwa, akajamba kwa sauti, akatia kichwa kwenye ndoo.

Watu wakaanguka kwa vicheko! Bibi Milembe alishika mti asianguke. Mzee Masunga akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Rehema hakucheka. Alikuwa amesimama na fomu.

"Mama, ulipotoka huku kumpiga brashi, ulimkuta amelala hivi?"

Nikaangalia chini.

"Na ukaja ukaandika ndiyo, yuko hai."

"Kwani si yuko hai?"

"Yuko. Ila wewe ulijua amekufa."

Simiyu nzima nadhani ni mimi peke yangu niliyedanganya kwa kusema ukweli. Na kilichoniuma zaidi ni Jemedari mwenyewe. Wiki nzima hajalala chini kwa wasiwasi, leo ndiyo akaona hapa ni nyumbani, akajinyoosha. Na mimi hapo hapo nakimbilia kalamu.

Deo akakaza tai. "Mwenzangu, huyu mteja nakuachia wewe," akasema, akaondoka.

Nikamshika Rehema mkono. Nikamwambia ukweli wote, nimekosa, na Jumamosi nina harusi. Akaichana fomu vipande viwili.

"Farasi hana tatizo, mama. Afisa akimpitisha, nitamkatia. Lakini kwenye mwenye mali tumwandike Baba Kulwa."

Yaani yule aliyeuliza kama analiwa!

Afisa akampima Jemedari, akampitisha. Baba Kulwa akaitwa shambani, akaja na nyuzi za pamba kwenye nywele. Akaelezwa mbele ya majirani wote. Akasoma fomu mpya mstari kwa mstari. Alipofika swali la nne akaweka kalamu chini, akaenda mpaka kwa Jemedari, akamwekea mkono puani, akahesabu pumzi tatu, akarudi, akaandika "ndiyo". Watu wakapiga makofi. Kisha akanishukuru taratibu, "Wabeja sana kwa farasi wangu."

Nimeingia ndani. Simu ikaita, ni baba wa bwana harusi. Nikapokea kwa furaha nimwambie karatasi ipo, farasi yupo, kila kitu kipo. Hakunipa nafasi.

"Mama Kulwa, tumepata taarifa huku Ngulyati. Pole sana. Mnazika saa ngapi?"

Msinicheke, wenzangu. Ila kabla hujalia, shika pua kwanza. Ya mnyama, siyo yako.