Jina Chini ya Picha ya Constance

Jumatatu, 6 Machi 1967

New York. Theluji iliyochanganyika na mvua. Leo natimiza miaka minne kazini hapa Mlimbwende, jarida la wanaume ambao wote huapa kwamba hulinunua kwa ajili ya makala. Hakuna aliyekumbuka. Keki nimejinunulia mwenyewe. Krasny kala nusu.

Niweke mambo sawa, walau humu. Kazi yangu rasmi ni kuchora herufi ndani ya viputo vya maneno vya Masaibu ya Constance, katuni ya kurasa nne. Kila mwezi msichana mwenye moyo safi huingia katika taasisi moja tukufu (benki, bunge, kanisa la matajiri) na kutoka na nguo chache kuliko alizoingia nazo, ilhali taasisi yenyewe ndiyo hubaki uchi. Kazi yangu halisi ni kuyatunga maneno yote. Lindqvist huchora, hupaka rangi na kutia sahihi kubwa kama mlango. Krasny, mtunzi wetu wa vichekesho, huleta kichekesho kimoja kwa mwezi, sikuzote kuhusu mama mkwe, nami hukiondoa. Kisha hukaa mkahawani na kusimulia jinsi alivyoiandika katuni nzima.

Leo nimepata barua ya Chama cha Watunzi wa Katuni. Watanipokea nikileta ukurasa mmoja uliochapishwa wenye jina langu kama mwandishi, kabla ya tarehe mosi Mei. Krasny ana kadi ya chama hicho, aliyoipata kwa barua ya mdhamini tu. Huitumia kuchokolea meno!

Nimemwomba mhariri, Bwana Gelberman, aliweke jina langu. Akasema, bila kuinua macho, kwamba msomaji hapendi kugundua kuwa chumbani alikuwemo mwanamke. "Dada Stolarz, watajifunika shuka!" Sina hakika kama hiyo ni hoja. Huenda ni hoja.

Jumanne, 7 Machi

Nimewaza ndani ya treni hadi nikapitiliza vituo viwili. Matunda yamepatikana.

Mwenye jarida, Bwana Orcutt, aliyetajirika kwa viwanda vya kofia, hufuta kitu kimoja katika kila ukurasa tunaompelekea. Kimoja, wala si viwili. Akishakifuta, huona amekistahili chakula chake cha mchana. Basi apewe cha kufuta!

Mwezi huu Constance yuko katika jumba la tajiri wa miavuli. Tajiri huyo ana upara, masharubu na magoti ya Bwana Orcutt. Jambo hilo hulijua kila mtu ofisini isipokuwa Bwana Orcutt. Nimemshawishi Lindqvist achore mbuzi ndani ya hodhi la kuogea la tajiri. Mbuzi mwenye kofia. Mlangoni, kibao kidogo: W. Stolarz. Mbuzi atafutwa, kibao kitapona. Miaka sita nilisoma tashtiti za Warumi chuo kikuu. Sikutarajia zinifae hivi.

Alhamisi, 9 Machi

Amempenda mbuzi.

Katibu wa Bwana Orcutt anasema bosi wake alicheka hadi akaomba maji. Anamtaka mbuzi katika kurasa zote nne. Alichofuta ni kibao. Pembeni kaandika: "Huyu Stolarz ni nani? Mpangaji?"

Krasny keshatangaza mkahawani kwamba mbuzi ni wake. Alijigonga kipaji cha uso mbele ya wahudumu wote. "Mbuzi yule katoka humu! Profesa huyo hapo alitaka kondoo." Profesa ndiye mimi. Sikuwahi kutaka kondoo. Nilisimama kukanusha, nikaona kwamba mwanamke anayekana kondoo mbele ya watu wanaokula hawezi kutoka na heshima. Nikaketi.

Ijumaa, 10 Machi

Fikra mpya. Inanitia hofu kidogo, nami huichukulia hofu kuwa dalili ya uzito wa kifikra.

Hapa kwetu ni mwiko kuandika juu ya mchoro. Kila mchoro hufunikwa kwa karatasi laini inayopenyeza mwanga, na juu yake Bwana Orcutt huchora mishale na kuandika amri kwa penseli ya kijani. Lindqvist hutii penseli ya kijani bila kuuliza. Haangalii amri inamhusu nani. Huangalia mshale umeangukia wapi.

Je, mtu akiongeza amri moja ya kijani? Ni kughushi? Wanazuoni husahihisha maandishi ya kale yaliyonyofolewa sehemu, na hakuna anayewaita walaghai. Mimi ni sehemu iliyonyofolewa. Narejeshwa tu.

Nimenunua penseli ya kijani. Muuzaji kauliza kama ni ya mtoto. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 13 Machi

Imefanyika!

Saa ya chakula, ofisi tupu. Nikaondoa karatasi laini za ukurasa wa tatu na wa nne nipate kuuchunguza mwandiko wa bwana mkubwa. Ya nne ilikuwa na neno moja tu: "Safi." Ya tatu ilijaa. Mshale wa kulia, kwa Constance: "Huyu kavaa mno. Vua. Bakiza soksi." Mshale wa kushoto, kwa tajiri: "Huyu avae koti, vifungo mpaka shingoni. Ni mtu wa heshima." Nikaichagua ya tatu, kwa kuwa amri moja hujificha vizuri penye amri nyingi. Nikaandika chini: "Hapa, kwa dhahabu: Maneno ni ya Winifred Stolarz."

Ndipo Krasny akaingia akitafuta haradali. Nikazirudisha karatasi upesi na kujifanya napiga chafya. "Jifunge shali, Profesa," akasema, "usije ukafa kabla hujajulikana." Mtu mbaya.

Jumatano, 15 Machi

Nimekwenda kwa Lindqvist kuandika maneno ndani ya viputo. Afadhali nisingekwenda.

Karatasi nilizirudisha kinyume. Ya tatu ilikaa juu ya ukurasa wa nne, na katika ukurasa wa nne wahusika wamebadilishana pande. Constance amevaa koti la manyoya lililofungwa hadi shingoni. Kinachoonekana ni pua. Tajiri wa miavuli, mtu wa heshima, amesimama mbele ya wageni wake akiwa na soksi mbili tu. Mbuzi, nashukuru, kasimama mahali panapofaa.

Nikamuuliza Lindqvist kama hakushangaa. Akaendelea kuosha brashi. "Dada yangu, mwaka juzi penseli ya kijani iliniambia nimwongeze farasi mguu. Nikaongeza. Farasi alikuwa na mitano. Nani alilalamika? Mimi hulipwa kwa ukurasa, silipwi kwa kushangaa."

Na chini kabisa, kwa dhahabu, jina langu. Zuri ajabu.

Nikisema, karatasi zitachunguzwa, penseli yangu itajulikana, jina litafutwa, na chama nikisahau. Nisiposema, atachapishwa mwajiri wangu akiwa na soksi tu. Nimelipima jambo hili kwa uadilifu kwa muda wa dakika nne. Kisha nikamwandikia tajiri maneno mapya: hotuba ndefu juu ya hadhi ya mtaji. Akiwa hivyo, kila neno linachoma! Mwenye nguvu kavuliwa, mnyonge kavikwa. Pengine ndiyo tashtiti ya kwanza ya kweli tuliyowahi kutoa. Au pengine ni uoga wangu uliovaa joho la chuo kikuu. Sikuweza kuamua, na wino ulikuwa unakauka.

Bwana Orcutt yuko Florida anatibu jongo la mguu. Gelberman kazipitia kurasa zote nne kwa makini. Kaondoa mkato mmoja.

Jumatatu, 17 Aprili

Imetoka! Nimenunua nakala tano. Muuza magazeti kaniuliza kama ni za mume wangu. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akazifunga ndani ya mfuko wa karatasi na kuninong'oneza, "Pole, mama."

Nakala moja nimeipeleka chamani kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkahawani watu wameupigia makofi ukurasa wa nne. Krasny kainuka, kainama kama mwigizaji. Akasema wazo la soksi lilimjia alipokuwa akinyoa ndevu. Nikamwonyesha jina kwa kidole. Akasema hayo ni mambo ya wapiga chapa.

Jumanne, 18 Aprili

Balaa.

Bwana Orcutt hakujitambua katika mchoro. Huo ndio ukweli wa ajabu kuliko wote. Aliuona ukurasa akiwa ufukweni, akacheka, akampa mkewe naye acheke. Mkewe akautazama kwa muda mrefu. "Thaddeus," akasema, "magoti haya nimeishi nayo miaka thelathini na moja."

Ameruka kwa ndege ya asubuhi. Tumeitwa sote, pamoja na wakili. Bwana Orcutt alikuwa na fimbo, nasi tukasimama mbali na mguu wake mbovu. Akauliza ni nani mwandishi wa uchafu huu.

Lindqvist akaapa kwamba yeye ni brashi tu. Gelberman akaapa kwamba yeye ni mikato tu. Macho yote yakamgeukia Krasny, maana wakili naye hula katika mkahawa uleule. Na hapo Krasny, mbele ya watu kumi na wawili na mashine ya kurekodi sauti, akasema nilichokingoja kwa miaka minne. "Mimi? Wallahi sijaandika hata neno! Kila neno ni lake huyu dada! La mwezi huu, la mwezi uliopita, yote tangu aje! Mimi nakula tu!"

Nilitokwa na machozi. Walidhani ni ya majuto.

Wakili alimtaka atie sahihi tamko hilo. Akatia. Kisha nikafukuzwa kazi. Kuhusu penseli hakuna aliyeuliza. Bwana Orcutt anaamini aliandika amri zote za kijani mwenyewe, akiwa amezidiwa na dawa za jongo, na hataki lijadiliwe.

Nilipokuwa nikifungasha, Krasny alikuja kuniomba radhi. Ana watoto, akasema. Hana. Nikampa haradali aliyoisahau kwenye dawati langu.

Ijumaa, 28 Aprili

Barua ya chama! Walimwandikia Bwana Orcutt kuthibitisha. Akawajibu kwa hasira, kurasa mbili, kwamba kila herufi ya katuni ile ni yangu na ya mwingine hakuna, akaambatisha tamko la Krasny. Chama kinasema hakijawahi kuona ithibati kamili namna hiyo. Nimekubaliwa. Krasny anaombwa arudishe kadi.

Nimejiuliza kama niufurahie ushindi uliokuja kwa njia hii. Nimefurahi. Hata hivyo nimejiuliza.

Jumatano, 3 Mei

Kazi mpya, jarida jingine la wanaume, ghorofa ya saba. Mhariri ni mtu wa haki. Jina langu limo ndani ya mkataba kabisa. Litachapishwa kila mwezi katika ukurasa wa yaliyomo, chini ya la mchoraji, kwa herufi ndogo kiasi. Nilitia sahihi kwa moyo mweupe. Nimejifunza kwamba kazi njema hujitambulisha yenyewe, hata ikikawia, na kwamba hila ni za watu wasiojiamini.

Herufi zenyewe nilizipima kwa rula baada ya chakula. Ni ndogo mno. La mchoraji ni kubwa mara mbili na nusu, naye, kwa tathmini yangu isiyo na upendeleo, hajui kuchora mikono.

Nimetambua pia, kwa kupita tu, kwamba ukurasa wa yaliyomo hautazamwi na mtu baada ya saa tisa. Hufungwa ndani ya bahasha na kusubiri tarishi mpaka kesho yake. Nimemwambia mhariri tarishi asisumbuliwe. Kiwanda cha uchapaji kiko njiani kuelekea ninakokaa, nitaupeleka mimi.

Hakiko njiani.