Bango la Kamati ya Herufi

Gari la Kamati lilikuwa limeshaiacha Kibena nyuma Mwenyekiti Alois alipotangaza, kutoka kiti cha mbele, kwamba kuanzia siku hiyo vurugu ya herufi imekwisha.

"Andika hilo, Katibu."

Danford akaandika. Alikuwa katibu wa Kamati ya Kuratibu Maumbo ya Herufi za Umma, na alilijua tatizo kwa undani. Utafiti ulikuwa umebaini kwamba kutoka Njombe hadi Makambako bucha zinaongea kwa herufi nene, saluni kwa herufi zilizolala, na gereji moja kwa herufi zinazowaka moto. Hali hiyo isingevumilika. Kamati ilichukua mwongozo wa barua za ofisi, ikafuta neno "barua", ikaweka "maandishi yote". Herufi za aina moja, zenye miguu, nyeusi, saizi kumi na mbili.

"Na maandishi ya kwenye malori, mzee?" aliuliza Benno, dereva.

"Yatafikiwa kwa awamu."

"Haya. Mimi nashika usukani tu."

Makambako walimkuta Safina binti Hamis juu ya ngazi, anaandika BUCHA kwa rangi nyekundu. Karibu kila bango la barabara ile lilitoka mkononi mwake.

"Kamweene, watu wa Njombe!" alisalimia bila kugeuka.

Danford akamsomea agizo. Safina akamaliza A, akashuka.

"Nimekuelewa, kaka. Nifute mji mzima."

"Uuoanishe," Danford alimrekebisha.

"Nikikataa?"

"Leseni yako inakoma baada ya siku kumi na nne."

"Nina watoto watatu wanaokula kwa brashi hii."

"Kamati inawatakia afya njema," alisema Mwenyekiti.

Safina alifuta mikono kwenye kanga ya kazi. "Baba yangu alipanga herufi za madini ya risasi kwenye mtambo wa uchapaji wa misheni. Moja moja, kinyumenyume, kama mtu anayechambua maharage. Alinieleza haya mambo. Hiyo miguu mnayoipenda ni ya wachonga mawe wa kale, walimalizia kila mstari kwa kikato. Herufi ndogo ni za kitabu, mtu ameketi. Watu walipoanza kubandika matangazo ukutani, wachapaji wakatengeneza nene. Za mbao, maana risasi ya ukubwa ule ni mzigo wa punda. Nene ni ya mtu anayepita, baba. Huyu wa lori atasomaje saizi kumi na mbili?"

Danford aliona ni hoja. Akatafuta pa kuiandika, lakini fomu haikuwa na nafasi ya hoja.

"Historia haimo kwenye mwongozo," alisema Mwenyekiti. Ila alikuwa mtu wa huruma, akampa mtihani. Ijumaa mgeni rasmi angetoka Dodoma kuzindua ofisi ya Kamati hapo hapo Makambako. Safina aandike bango la ofisi, mita tatu kwa mbili. Akifuata mwongozo, leseni inabaki. Akikosea hata unywele, basi.

"Kama mwongozo ulivyo?"

"Usipunguze, usiongeze."

"Niandikie hivyo, utie sahihi."

Mwenyekiti akatia sahihi, na mhuri juu yake.

Njiani kurudi, Danford alikohoa. "Mwenyekiti, saizi kumi na mbili ni kama punje ya ulezi."

"Ulezi ukipangwa vizuri, Katibu, unaonekana."

Benno akaongeza sauti ya redio.

Ijumaa bango lilikuwa tayari. Jeupe, kubwa, linang'aa, na katikati yake mstari mmoja usiozidi kiganja. Danford alipima kwa rula. Kila herufi ilisimama kwa miguu yake, hakuna iliyozidi wala kupungua. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na alikiona baada ya pua yake kukaribia kugusa rangi.

Itifaki ilitaka mgeni asome bango kwanza, ndipo aingie. Kwa hiyo Kamati ilimsubiri ndani, mlango umefungwa. Saa nane msafara ukapita. Saa nane na nusu ukapita tena, unatoka upande wa pili.

"Nitoke nikawapungie mkono?" Danford alinong'ona.

"Keti. Watasoma."

Mara ya tatu msafara ulisimama ng'ambo ya barabara, kwenye bucha. Mgeni rasmi aliliona bango la bucha hiyo tangu alipotokea kona. Akala nyama choma, akamsifu mwandishi wa bango, akaondoka kabla ya magharibi. Taarifa yake ilikuwa fupi: Kamati ilitafutwa mara tatu, haikupatikana.

Dodoma ikaiondoa kwenye orodha, kwa kuwa haikuwepo mahali ilipotakiwa kuwepo.

Mwenyekiti Alois alikata rufaa, akajibiwa kwamba mlalamikaji hatambuliki. Sasa analima parachichi. Benno anaendesha lori la maharage la Mlangali. Safina alipeleka ile karatasi yenye sahihi na mhuri ofisi ya leseni, wakaisoma, leseni yake ikahuishwa. Iliyokuwa ofisi ya Kamati imekodiwa na fundi wa simu, ambaye alimwambia Safina aandike kubwa. Danford alirudishwa masijala Njombe. Jumamosi hupanda gari hadi Makambako kujifunza herufi nene. Safina anasema S yake bado inayumba.