Kocha Mbaluka Hajatoroka, Tumemwekeza Kibwezi

Juzi Jumanne, saa nane mchana, tulimpoteza kocha. Nalisema hili mapema, kabla ya itifaki, kwa sababu itifaki yangu ni ndefu na kuna watu wana mbuzi sokoni.

Mheshimiwa Chifu, Mwakilishi wa Mheshimiwa Chifu, kwa kuwa Mheshimiwa Chifu hakufika, Mchungaji, uliyetuombea kwa dakika arobaini, Bi. Khamisa, mweka hazina wetu. Mashabiki wa Kyuso Mwewe, mlioketi kwenye viti na mliokaa juu ya ukuta. Na mimi mwenyewe, Injinia wa Heshima Kilonzo, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda, niliyeanza maisha na wilbaro moja na leo nina hardware ya milango mitatu: hamjambo! (Hatujambo! Sauti: "Anza, mzee!")

Ndugu zangu stakeholders, kuna wapotoshaji wanaosema eti Kocha Mbaluka, aliyechezea timu ya taifa mara thelathini na mbili, ambaye mguu wake wa kushoto ulilaza makipa wa Afrika Mashariki yote, ametutoroka akaenda kufundisha Kibwezi. Hajatoroka. Tumemwekeza. Kwa mara ya kwanza tangu ugatuzi uanze, Kitui yetu imepeleka technical expertise Makueni, kaunti ya hao Kibwezi, na huo ni mkakati niliouasisi mimi, ingawa niliusikia kwa redio kama nyinyi. (Kicheko.)

Mmekasirika. Mimi nimekasirika zaidi, maana nilimtoa Nairobi kwa pikapu yangu mwenyewe, nikampa kiti cha mbele. Lakini tuongee kwa takwimu. Katika mechi kumi na nne alizosimamia, tulishinda tisa. Tangu aondoke, hatujafungwa hata bao moja! (Mwanamke: "Na hatujacheza!") Takwimu ni takwimu, mama. Kati ya wachezaji wetu ishirini na wawili, waliomfuata ni kumi na wanane tu, ikimaanisha tuna retention rate ya asilimia kumi na nane nukta moja nane, na mimi sijui klabu ingine huku kaskazini iliyobakiwa hadi na nukta. (Makofi ya wanakamati.)

Najua Jumapili hao hao Kibwezi wanakuja hapa, na najua tusipoingiza timu uwanjani tunafutwa kwenye ligi. Hiyo ni challenge, si shida. Tuko na wachezaji wanne, na wanne ni quorum. (Nahodha Muindi, mmoja wa hao wanne, anasimama: "Mwenyekiti, na tutachezea wapi?") Kaa kwanza, Nahodha, niko njiani nafika hapo.

Nije basi kwa Uwanja wa Kisasa wa Kyuso, viti elfu sita, hosteli, taa nne za kumulika hadi Mwingi. Mnakumbuka nilikunja mikono ya shati nikakata utepe. Tulifanya feasibility study. Tulifanya benchmarking: wanakamati tisa tulisafiri mpaka Malili, tukashuka, tukakagua kwa kina nyasi za kituo cha mafuta, tukala nyama, tukarudi na roadmap. Leo nawatangazia rasmi kwamba nyasi zetu zimefikia asilimia tisini na moja. Kilichobaki ni kuota tu. (Zogo. Sauti: "Asi! Zimefikia wapi?")

Huyo Mbaluka alinipigia simu jana. Mimi ni mtu wa haki, nitamnukuu: "Mzee, uliniahidi nyasi, nikafundisha miezi kumi kwa vumbi la mnada wa ng'ombe. Huku kuna mto. Nyasi nazikanyaga sasa hivi nikiongea na wewe." Nawauliza, mtu mzima anayeacha vision kwa sababu ya mto, huyo ana akili? (Wengi: "Anazo!") Swali halikuwa lenu.

Kyuso Mwewe! ("Juu!") Maendeleo! ("Juu!") Mwenyekiti! (Wanakamati: "Juu!" Mtu ukutani: "Juu ya nini?")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru waandishi wa habari, ambao hawakuja. Na shukrani za kipekee zimwendee Mama Nzilani, mzalendo ambaye kwa miaka mitatu mfululizo amepanda ndengu zake kutoka goli la kaskazini hadi goli la kusini, bila kusumbuliwa na trekta, nguzo, wala goli lenyewe, na namwomba kwa unyenyekevu avune angalau nusu moja kabla ya Jumapili. (Mama Nzilani: "Ndengu bado ni mbichi. Na hakuna mtu ameniambia hapo kwangu ni uwanja.") Asanteni sana, Mungu awabariki, Mchungaji tufungie kwa maombi.

(Muindi hajakaa: "Mchungaji, ngoja kidogo. Mwenyekiti, kwa heshima. Wenzangu kumi na wanane walienda, mimi nikabaki juu nilikuamini. Nimekataa jezi ya Kibwezi mara mbili. Wamesema ya tatu ni kesho, Ijumaa, saa sita mchana, halafu wanampa mtu mwingine. Usinipe asilimia. Uwanja upo ama haupo? Nataka neno moja, kabla ya saa sita.")