Pont ya Mbio ya Kupanda Bihambwe

Lundi, tarehe 6, mwezi wa kumi

Tuyishime amenipita tena mu barabara, miye na pickup yangu ya makaa. Yule jirani yetu hapa Sake, na pickup yake nyeupe, kila asubuhi ananipigia honi sawa vile miye niko mbuzi mu barabara. Nimechoka.

Habari kubwa: Mama Emérita wa Bihambwe anatafuta gari moja ya kushusha maziwa yake kila siku. Amesema samedi, tarehe 11, mwenye atafika wa kwanza kule juu ku shamba yake, njo atapata kazi. Mwenye atachelewa ataendelea kubeba makaa. Miye na makaa, basi. Nguo yangu yote iko nyeusi, hata ya kanisa.

Shida yangu iko pont ya nyuma, ile ekseli yenye kuzungusha gurudumu. Nimejifunza mu telefone, mwenyewe, bila mwalimu. Kardani, ile chuma ndefu yenye kutoka ku injini, ikizunguka mara mingi juu ya kuzungusha gurudumu mara moja, gari iko na nguvu, haina mbio. Ikizunguka mara kidogo, mbio. Ya kwangu, fundi Papa Gustave aliinua gurudumu zote mbili za nyuma, akahesabu kardani mara ine na nusu. Aibu.

Mardi, tarehe 7

Nimepata pont! Kwa Papa Damascène, mwenye kuuza byuma bya magari ya kufa. Dada yangu Claudette alikuja kunisaidia. Niko na kriki moja tu ya kuinulia gari, kwa hiyo niliinua upande moja. Nikazungusha gurudumu mara moja. Kule kardani inafungwaka, ikazunguka mara mbili na nusu. Mbili na nusu! Hii haiko pont, ni ndege.

Claudette akauliza: kwa Papa Gustave gurudumu zote mbili zilikuwa juu, hapa moja iko chini, hesabu itakuwa sawa? Nikamuambia gurudumu ni gurudumu. Papa Damascène naye akasema ile pont ilitoka mu gari ya kubeba mbao kule Walikale. Vizuri. Bantu ya Walikale banajua mbio. Nimemupa radio ya gari, na yeye amenipa pont.

Jeudi, tarehe 9

Papa Gustave ameifunga, lakini kwa kununa. Aliinua gurudumu zote mbili, akahesabu tano. Akasema: mutoto yangu, ukiinua moja tu unapata nusu ya hesabu, hii iko ya mizigo, haitakimbia. Nikamuambia labda alichoka. Akaniuliza nani kati yetu iko fundi. Nikamuomba anirudishie kwanza spana yangu.

Nikajaribu ku barabara ya sawa. Moteur inalia sana. Gari inaenda kama mwenye kutembea. Tshukudu imenipita. Ile baiskeli ya mbao ya kusukuma na muguu, na magunia ya viazi juu. Mwenye yake akanisalimia vizuri, akauliza kama nina shida.

Hakuna shida. Pont mupya inapaswa kuzoea.

Samedi, tarehe 11

Mvua usiku kucha. Tumeanza pamoja na Tuyishime hapa Sake. Akapotea mbele na honi yake. Nilipiga usukani, kidogo nilie. Nikaona makaa mbele yangu maisha yote.

Halafu ile mupando ya Bihambwe. Tope mpaka magoti. Nani iko ndani ya mufereji? Tuyishime. Gurudumu inazunguka bure, tope iko ku meno yake. Akaniita kaka, mara ya kwanza mu maisha. Akaomba kamba. Nikamuambia nikisimama sitatoka tena. Nikapanda polepole, polepole, nikimupungia mukono.

Mama Emérita akasema kazi iko yangu. Akaongeza: siku maziwa itaharibika mu barabara, kazi inaenda kwa Tuyishime. Nikamuambia, Mama, na mbio yangu hii, itafika ingali na joto ya ng'ombe.

Claudette anasema nimeshinda na nguvu, haiko na mbio. Wivu tu.

Dimanche, tarehe 12

Baada ya misa, Tuyishime amekuja na Fanta mbili. Mupole kabisa. Anataka tubadilishane pont. Nilikuwa karibu kukataa. Lakini miye niko muntu ya kupima kwanza. Nikaleta kriki yangu, nikainua upande moja ya pickup yake, nikazungusha. Mbili kamili. Mbili! Iko na mbio kupita yangu, na mwenyewe hajui.

Claudette akanivuta mukono, akasema hii njo ilibaki mu mufereji jana. Nikamuambia iliyobaki mu mufereji ni shofa, dereva mwenyewe. Papa Gustave amefunga zote mbili. Tuyishime alinishukuru mpaka nikamuonea huruma.

Kesho asubuhi, maziwa ya kwanza ya Mama Emérita. Nje mvua imeanza tena. Vizuri sana. Barabara ikiteleza, mbio inaongezeka.