Kifungu cha Saba

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili tusisumbuane. Na nilivaa tai kabisa.

Kamati ya Pamoja ya Nachingwea na Ruangwa ya Kuimarisha Sheria dhidi ya Utekaji na Utumikishwaji wa Watoto ilikutana Nachingwea mjini, nyumbani kwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Yasini, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na harusi. Katibu ni mimi. Kazi ilikwenda vizuri mno. Ilipofika saa nne tulikuwa tumependekeza kifungo cha miaka thelathini. Saa tano tukaiandika miaka hiyo kwa herufi nene, maana sheria iliyokonda nani ataiogopa?

Kisha tukapitisha Kifungu cha Saba, nilichokitunga mwenyewe: "Yeyote atakayemwondoa mtoto katika nyumba bila kibali cha mwenye nyumba, atakuwa ameteka." Nikapigiwa makofi. Nikainuka, nikainama kidogo.

Chai ikaletwa na binti wa miaka kumi na miwili hivi, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho.

"Huyu haendi shule?" akauliza mjumbe wetu, Bi Dafrosa.

"Huyu tunamlea," akajibu Mwenyekiti. "Anabangua korosho kidogo tu, asije akazoea uvivu."

Nikaandika kwenye muhtasari: *analelewa*.

Mara hodi getini. Nikaenda kufungua. Alikuwa mwanamke, kitenge chote vumbi.

"Naitwa Mwanaima, natokea Narung'ombe kule Ruangwa. Namtafuta mwanangu Amna. Kuna bwana alimchukua mwezi wa tatu, akasema anampeleka shule. Nimeulizauliza, nikaelekezwa nyumba hii."

"Umefika penyewe, mama! Hii ndiyo kamati yenyewe." Nikamkaribisha barazani, nikampa fomu. "Jaza hapa. Na hapa chini, sahihi ya mtoto aliyepotea."

"Atasaini vipi, baba, na kapotea?"

"Ndiyo maana hatujawahi kupokea hata kesi moja. Takwimu zetu zinapendeza sana."

Sinia likaanguka nyuma yangu.

"Mama!"

Mwanaima aliiweka fomu kitini, akaja akamshika Amna mkono, akaugeuza, akavitazama vile vidole. Kisha wakaelekea getini.

"Simama hapo hapo!" Mwenyekiti aling'aka. "Katibu, msomee Kifungu cha Saba!"

Nikamsomea. Mungu anisamehe, nilimsomea mpaka nukta, na sauti nikaikaza.

"Umesikia?" Mwenyekiti akachomoa simu mfukoni. "Miaka thelathini! Ukivuka geti hilo, nawapigia polisi sasa hivi, nawaambia mtoto katekwa nyumbani kwangu!"

Mwanaima alikuwa keshalivuka. Akageuka.

"Piga, mheshimiwa. Wakikuuliza ni mtoto wa nani, nipe hiyo simu nijibu mimi."