Pisini Yangu na Ubatizo wa Mama Mukwe

Jumatatu, 2 Juni

Maji imekuwa kijani tena. Vyura wanaimba kuliko kwaya. Godelive, muke wangu, amenuna tangu asubuhi. Aliuza duka yake ya vitenge ili tununue nyumba. Yeye alitaka vyumba vya kupangisha. Mimi nikachagua hii, ya mufanyabiashara wa dhahabu aliyehama, yenye pisini, bwawa la kuogelea. Nani mwingine katika avenue yetu iko na pisini? Hakuna!

Leo amesema wazi: kama maji haitatakata mpaka Pentekoste, anarudi Boga kwa mama yake. Hatanii. Sébastien, jirani, akachungulia juu ya ukuta kunifundisha bila kuombwa: washa pompe ya kuzungusha maji kila siku, sugua kuta, tia dawa ya klore kwa kipimo. Nikamujibu klore ni ya kunawa mikono wakati wa Ebola, na maji yangu haigonjwi. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 3 Juni

Akili! Mimi ni mutoto wa ziwa, nimezaliwa Mahagi-Port. Samaki wanakula uchafu wa kijani, nimeona kwa macho yangu. Niliagiza tilapia wazima toka Kasenyi, wakaja na pikipiki ndani ya bidoni, madumu ya maji. Wengi walifika wamekufa, tukawala na bugali. Walio hai nimewatia ndani ya pisini. Wafanye kazi!

Jumatano, 4 Juni

Wanaelea. Wote. Harufu imefika kwa Sébastien, naye amefunga madirisha kwa kishindo ili nisikie. Godelive anakunja nguo zake. Heri angenitukana.

Alhamisi, 5 Juni

Mungu mwenyewe iko upande wangu! Nilienda kwa Pasta Lionel, nikamuambia ni haya kubatiza watu mutoni kwenye baridi na takataka, wakati mimi niko na pisini. Pentekoste waje kwangu, bure. Ila kanisa lifanye salongo, kazi ya pamoja bila malipo, Jumamosi, wasafishe kidogo tu. Pasta alinishika mikono yote miwili. Mutu mwingine angelipa wafanyakazi. Mimi, hapana!

Halafu jambo ambalo sikulitazamia. Godelive alilia kwa furaha. Mama yake, Mama Pétronille, amekataa ubatizo miaka na miaka kwa kuogopa muto. Pisini haogopi. Anakuja! Nguo zimerudi kabatini. Sijaona muke wangu akicheka hivyo tangu tuhamie hapa.

Jumamosi, 7 Juni

Vijana wa kanisa walisugua mpaka jasho. Na nani aliwaongoza? Sébastien! Kumbe yeye ni shemasi. Akapima klore kwa kikombe, akaacha pompe inazunguka, akasema mutu asiguse kitu mpaka kesho. Saa kumi niliona sakafu ya pisini kwa mara ya kwanza. Wamama wakamushangilia. Aksanti Sébastien! Aksanti Sébastien! Pisini ya nani? Walipoondoka nikamimina ndani ndoo yote ya klore iliyobaki. Kesho maji itang'aa kwa mukono wangu mimi.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Iling'aa. Ndiyo, iling'aa!

Mama Pétronille aliingia wa kwanza, na kanzu nyeupe, kwa heshima ya umri. Pasta aliinua mukono aombe, akaanza kukohoa. Machozi. Mama naye machozi. Watu wakasema Roho ameshuka, haleluya, vigelegele! Kisha mama akapiga yowe kwamba macho inamuungua, na pasta mwenyewe haoni pa kumushika. Nimuache muzee azame? Nikaruka. Nikamukamata kiunoni, nikamubeba mpaka inje.

Wamama wakageuza uso. Kwetu mama mukwe hapewi hata mukono wa salamu, na mimi nimemukumbatia, nguo imelowa, imemushika mwili, mbele ya kanisa lote! Walimunawisha macho na maji safi, anaona vizuri. Lakini alijifunika uso na kitenge. Alisema Mungu wa maji hii amemukataa, asiulizwe ubatizo tena mpaka kaburini.

Godelive akauliza nani ameongeza klore. Nikasema Sébastien. Akaingia nyumbani, akatoka na shati yangu ya jana, ile ya bluu. Madoa meupe ya klore kifuani kote. Aliiweka juu ya kiti, akaenda kukaa na mama yake.

Jumatatu, 9 Juni

Wameondoka asubuhi, mama na binti. Godelive alisema habari ya duka alishanisamehe, na maji ya kijani angeizoea. Lakini alimuombea mama yake tangu usichana, na mimi nimeharibu yote kwa kutafuta sifa, kisha nikamusingizia mutu. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo alivyoniaga. Nimekaa mezani peke yangu. Inauma. Sikujua itauma hivi.

Sébastien, ambaye hachoki, amenishauri nichukue mbuzi na wazee wawili, niende Boga, nipige magoti mbele ya mama mukwe, niseme ukweli.

Ukweli! Yule hajui wanawake. Nimemutuma Chance, mutu wa pikipiki, awafuate mbio, amuambie Godelive kwamba nimeanguka ghafula na niko hospitalini Nyankunde, karibu kukata roho. Atarudi analia. Mimi natangulia Nyankunde sasa hivi, nipate kitanda. Imebaki kuchagua ugonjwa.